MAHARAGWE HUUMIZWA NA USIKU ZAIDI YA MCHANA

Na Afisa wa Uhusiano wa Jeshi

Hapana askari katika nchi hii, awe wa jeshi au wa polisi, asiyeyajua maharagwe. Ameyala katika mafunzo, ameyala safarini, ameyala katika lindo la usiku yakiwa yamekwisha kupoa ndani ya bakuli la bati. Posho na maharagwe ndicho chakula kilichomlea kuruta mpaka akawa sajini, na wengi wetu tungali tunayala majumbani mwetu hata baada ya kupata nyota mabegani. Katika kila gramu 100 za maharagwe makavu mna protini ipatayo gramu 22, yaani kile chakula cha kujenga mwili ambacho vinginevyo tungelazimika kukitafuta katika nyama kwa gharama kubwa. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kusimama mbele ya mmea wenyewe na kuuliza unaishi vipi, unapenda nini, na ni kitu gani kinachouangamiza. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wasiojua, na ujinga wangu ulikaribia kumtia katika kotagadi mtu asiyekuwa na hatia.

Kambi yenyewe sina haja ya kuitaja jina. Yatosha kusema kwamba iko katika bonde la Nile, kaskazini-magharibi ya Uganda, katika nchi ile ya chini ambamo mto huo hutoka Ziwa Albert, lililo kiasi cha mita 619 tu juu ya usawa wa bahari, na kuelekea Sudan Kusini. Nilikuwa luteni mpya, vumbi la uwanja wa gwaride wa chuo cha makadeti halijanitoka viatuni, na pamoja na kazi zangu nyingine nilikabidhiwa usimamizi wa bustani ya kambi. Kamanda wetu wa kikosi alikuwa mtu aliyechukia kununua kile ambacho mikono yaweza kukilima. Ardhi tulikuwa nayo, mto tulikuwa nao, na pampu ya maji tulikuwa nayo. Basi mwezi wa Desemba, kiangazi kikiwa kimekwisha kuingia na wakulima wa jirani wamekwisha kuweka majembe yao, sisi tulipanda maharagwe eka mbili. Majirani wakatutazama, wala hawakusema neno.

Aliyewekwa kuwa mkuu wa shamba hilo alikuwa koplo mmoja, mzaliwa wa milima ya Kigezi karibu na Kabale, ambako mtoto hujua kupanda maharagwe kabla hajajua kusoma. Mbegu aliileta mwenyewe kutoka kwao alipokwenda likizo: maharagwe manene, mekundu yenye madoa, ya kupendeza macho. Alipanda kwa mistari iliyonyoka, akapalilia kwa wakati, akamwagilia maji asubuhi na jioni kwa zamu iliyoandikwa na kubandikwa mlangoni mwa ghala. Miche ikaota karibu yote. Ikasitawi, ikatoa majani mapana ya kijani kibichi, na ilipofika mwisho wa Januari shamba zima likachanua maua meupe na ya rangi ya waridi, hata kamanda akawaleta wageni kuja kulitazama.

Halafu hakikutokea kitu. Maua yalipukutika, mengine yakachanua, nayo yakapukutika. Mwishoni mwa Februari, wakati ambao ilitupasa kuwa tunajiandaa kwa mavuno, shamba lilikuwa bado kijani na bado linachanua, na katika mmea mzima mtu aliweza kuhesabu maganda mawili au matatu, mafupi, yaliyopinda kama kucha, yenye punje moja au yasiyo na kitu ndani.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Katika kambi, jambo likikosa maelezo hutafutiwa mkosaji. Wengine walisema kwamba koplo alisinzia akaziacha zamu za maji. Wengine walisema maganda mabichi yanachumwa usiku na kupelekwa sokoni, na kwamba mkuu wa shamba ana fungu lake katika biashara hiyo. Tukaweka walinzi wawili shambani kwa juma zima, nao hawakumwona mtu. Hata hivyo nikaandika karatasi ya mashtaka kwa mkono wangu mwenyewe: kuzembea kazini na kuipotezea kambi mali yake. Koplo alisimama mbele ya meza yangu kwa ukakamavu, akasema, "Afande, nimefanya yote niliyofundishwa na mama yangu. Lililotokea silijui." Nilimwona kuwa ni mtu asiye na utetezi. Leo najua kwamba alikuwa amenipa ushahidi wa kweli kabisa, nami sikuutambua.

Kabla karatasi ile haijafika kwa kamanda, alipita kambini bwana shamba mmoja wa wilaya, mzee aliyekaribia kustaafu, ambaye alikuja kwa shughuli nyingine kabisa ya mipaka ya malisho. Nilimwonyesha shamba ili anithibitishie uzembe. Yeye hakuyatazama majani hata kidogo. Alichuchumaa, akaokota maua yaliyoanguka chini ya mimea, akayapasua kwa ukucha moja baada ya jingine, akayatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, juma hili umelala vizuri?"

Nilimjibu kwamba sikulala. Joto lilikuwa kali hata usiku wa manane, nasi tulikuwa tukitoa vitanda nje ya mahema.

"Basi na haragwe halikulala," akasema.

Siku ile ile tulimwomba mganga wa kambi atuazime kipimajoto chenye kuhifadhi alama ya joto la chini kabisa la usiku. Tukakitundika kivulini kando ya shamba, kwa kimo cha kifua cha mtu, na kila alfajiri tukaandika. Kwa usiku kumi mfululizo joto halikushuka chini ya nyuzi 23 za Sentigredi. Wakati huo tarakimu hiyo haikuniambia kitu. Tangu hapo nimejifunza maana yake, na kwa kuwa najua kwamba viko vikosi vingi na vituo vingi vya polisi ambavyo vinalima bustani, aidha ziko familia nyingi za askari zenye vijishamba nyuma ya nyumba za kambi, naona inafaa nieleze niliyojifunza.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba maharagwe si mwenyeji wa bara letu. Asili yake ni milima ya Amerika: fungu moja lilitoka Meksiko na Amerika ya Kati, na fungu la pili lilitoka katika safu ya milima ya Andes kule Amerika ya Kusini. Katika sehemu hizo mbili watu wa kale waliyalima kwa maelfu ya miaka kabla Wareno hawajaanza kuyaleta Afrika katika karne ya 16. Milimani jua la mchana huweza kuwa kali, lakini likishatua hewa hupoa upesi. Mmea huu ulizoea desturi hiyo: mchana kazi, usiku baridi na mapumziko. Ulipofika kwetu ulipata makazi yanayofanana na ya kwao katika nyanda za juu za Kigezi, Rwanda, Burundi, Kivu na kadhalika, na hapo ukasitawi mpaka watu wakadhani kwamba ni wa asili. Katika nchi za chini haukupata raha kamwe.

Mtu aweza kuuliza: mbona jua la saa sita mchana, ambalo humchosha hata askari aliyezoea, haliui mmea? Jibu ni kwamba mchana mharagwe una njia za kujihami. Msomaji aende shambani saa sita siku ya jua kali atazame kwa makini. Ataona kwamba majani hayakulilaza jua usoni pake kama yalivyofanya asubuhi, bali yamejigeuza, yakaliachia jua ubavu. Chini ya kila jani mna kifundo kidogo kilichovimba ambacho huligeuza jani kama bawaba inavyougeuza mlango. Jani likisimama hivyo hupokea jua kidogo. Tena kuna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo hutoa unyevu, na unyevu huo ukigeuka mvuke hulipoza jani, kama jasho linavyompoza mtu. Mradi mizizi ina maji, mmea huweza kuvumilia mchana wa nyuzi 30 hata kuzidi kidogo, ijapokuwa si bila hasara.

Usiku haupo ulinzi wa namna hiyo. Mchana, kwa msaada wa nuru ya jua, mmea hutengeneza sukari, ambayo ndiyo chakula chake. Usiku hautengenezi kitu, bali unapumua na kuitumia akiba iliyowekwa. Kadiri usiku unavyokuwa wa joto, ndivyo akiba hiyo inavyounguzwa upesi: joto likizidi kwa nyuzi 10, upumuaji huo hukaribia kuwa maradufu. Ni sawa na ghala la kambi ambalo posho ya siku mbili huliwa kwa usiku mmoja. Kinachobaki alfajiri ni kidogo, na wanaopunjwa kwanza si majani, wala si shina. Ni wale wadogo ambao bado hawajazaliwa, yaani maua na maganda machanga.

Lakini pigo lililo kubwa zaidi huanguka juu ya chavua. Chavua ni ule unga wa ua ambao hufanya kazi ya kiume. Bila ya huo hapana punje. Unga huo huundwa ndani ya vifuko vidogo wakati ua lingali tumba lililofumbwa, kiasi cha siku kumi au kumi na mbili kabla ya kufunguka. Ukuta wa ndani wa kifuko una tabaka la seli ambazo kazi yake ni kuilisha chavua changa kama mama anavyomlisha mtoto. Seli hizo ni dhaifu sana mbele ya joto. Usiku ukizidi nyuzi 20, kazi yao huanza kuharibika. Ukidumu katika nyuzi 23, 24 au 25, chavua huzaliwa imenyauka, haina uhai, na mara nyingine kifuko chenyewe hushindwa kufunguka ili kuimwaga. Ua huchanua kwa wakati wake, zuri kama mengine yote, nalo ni tasa. Baada ya siku chache mmea hulitupa.

Msomaji atambue jambo la kushangaza lililo hapo. Hasara hutendeka siku kumi kabla ya kuonekana. Mtu anayeona maua yakipukutika leo huanza kutafuta sababu katika mambo ya leo na ya jana: nani hakumwagilia, nani alipita na jembe karibu mno na mizizi, nani aliingia usiku. Sababu imekwisha kupita. Tena hapana jirani awezaye kuliokoa ua hilo, kwani haragwe hujichavusha lenyewe ndani ya petali zilizofumbwa, na nyuki huchangia kidogo tu. Chavua yake ikifa, kwa kawaida hapana nyingine inayokuja badala yake.

Ndipo nikaelewa kwa nini shamba letu lilikuwa la kijani namna ile. Mmea uliozaa maganda huwa na watoto wa kulisha. Majani yake hupeleka chakula kwenye punje, kisha hugeuka manjano na kufa. Mmea uliokosa maganda hauna wa kumlisha. Huendelea kujilisha wenyewe, ukitoa majani mapya na maua mapya, na mpita njia huusifu kwa usitawi wake. Kijani kile ambacho kamanda aliwaonyesha wageni kilikuwa ndicho dalili ya ugonjwa.

Joto lina madhara mengine pia, ambayo nitayataja kwa ufupi. Ganda lililofanikiwa kutunga, likikutwa na siku za joto kali, huharakisha kuiva na punje zake huwa ndogo. Chini ya ardhi, katika vinundu vya mizizi, waishi bakteria ambao hukamata naitrojeni ya hewani na kuupa mmea kama mbolea. Udongo ukipata joto la nyuzi 30 na zaidi, bakteria hao hulegea katika kazi yao. Udongo ulioachwa uchi juani huipita kwa mbali alama hiyo ifikapo alasiri. Hapo ndipo palipo na faida ya kufunika udongo kwa nyasi kavu au majani ya migomba, nayo ni faida isiyokuwa na gharama ila ya jasho.

Ndugu zetu wa polisi watanielewa nikisema kwamba kabla ya kulishtaki joto inapasa kuchunguza ushahidi, maana maua ya haragwe huanguka kwa sababu zaidi ya moja. Ukame huyaangusha; lakini mmea wenye kiu huonekana, majani yake hulegea na udongo huwa mkavu kwa kina cha kidole. Wako wadudu wembamba mno waitwao thiripi ambao hujificha ndani ya maua. Ukikung'uta maua juu ya karatasi nyeupe utawaona wakitambaa. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, nayo hufanya mmea utoe majani kuliko maganda. Ikiwa udongo una unyevu, karatasi ni safi, mbolea haikuzidi, na kipimajoto cha alfajiri kinasoma zaidi ya nyuzi 20 siku baada ya siku, hapo mshtakiwa amepatikana. Sisi hatukufanya uchunguzi huo. Tulianza na hukumu.

Ile mbegu ya Kigezi nayo ilikuwa na sehemu yake katika maafa. Kadiri mtu anavyopanda juu, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Kabale iko karibu na mita 1,900. Kambi yetu ilikuwa chini yake kwa zaidi ya mita 1,200. Kwa hesabu hiyo, mbegu ilihamishwa kutoka katika nyumba ya baridi ikatiwa katika nyumba iliyozidi joto kwa nyuzi 7 au 8, usiku na mchana. Zaidi ya hayo, maharagwe yale manene mekundu ni ya ukoo wa Andes, na ukoo huo kwa jumla hupenda ubaridi. Maharagwe yenye punje ndogo, ya ukoo wa Amerika ya Kati, kwa jumla huvumilia zaidi joto na ukame, ijapokuwa tabia hutofautiana kati ya aina na aina. Katika nchi yetu watafiti wa Kawanda na Namulonge wameshughulikia koo zote mbili kwa miaka mingi: K20, iliyopendwa sana, ilitolewa mwaka 1968, na mwaka 1994 zikatolewa K132 yenye punje nene na K131 yenye punje ndogo. Askari wengi huchagua mbegu kwa kuitazama katika sufuria, yaani kwa rangi ya mchuzi wake. Siwalaumu, nami naupenda mchuzi mwekundu. Lakini mchuzi haukuambii mmea utavumilia usiku wa namna gani.

Huko ng'ambo wataalamu wamekwenda mbali zaidi. Kiko Kituo cha Kimataifa cha Kilimo cha Nchi za Joto, kijulikanacho kwa herufi CIAT, huko Palmira karibu na mji wa Cali nchini Kolombia, ambacho sasa kimeungana na taasisi ya Bioversity. Ghala lake la mbegu lina namna za maharagwe zaidi ya 37,000. Watafiti wa kituo hicho, wakiongozwa na Steve Beebe, waliamua kumtafuta ndugu wa haragwe ambaye amezoea shida. Wakamwona katika jangwa la mpakani mwa Meksiko na Marekani: haragwe dogo liitwalo tepari, ambalo wenyeji wa huko wamelilima tangu zamani katika joto ambalo haragwe la kawaida lisingelivumilia. Kuwaoanisha ndugu hao wawili haikuwa kazi nyepesi. Mara nyingi kiinitete cha mseto hufa ndani ya ganda, na ilibidi kitolewe kingali kichanga na kulelewa katika chupa za maabara. Mwezi wa Machi 2015 kituo kilitangaza kwamba kimepata aina 30 zenye kustahimili joto, baadhi yake zikiwa na damu ya tepari. Hesabu waliyoitoa wakati ule ilikuwa ya kutisha: kwamba bila ya aina za namna hiyo, ardhi inayofaa kwa maharagwe ingeweza kupungua kwa nusu ifikapo mwaka 2050.

Sababu ya hofu hiyo ni kwamba dunia inazidi kupata joto, na tangu katikati ya karne ya 20 usiku umepata joto upesi kuliko mchana. Wengi husikia habari za joto la dunia wakafikiri juu ya jua. Kwa mharagwe, nyuzi mbili zilizoongezeka saa nane za usiku ni habari mbaya kuliko nyuzi mbili zilizoongezeka saa nane za mchana, na sehemu ambazo leo usiku wake una nyuzi 18 au 19 ziko karibu mno na mpaka kuliko wakazi wake wanavyodhani.

Basi afanye nini mkuu wa bustani ya kambi ambaye hana maabara wala mbegu ya Kolombia? Liko jambo moja lililo kubwa kuliko yote, nalo ni tarehe. Maharagwe mafupi yasiyotambaa huchanua baada ya siku 35 hadi 45 tangu kupandwa. Chavua yake huundwa siku kumi kabla ya hapo. Kwa hiyo mtu asiulize tu kwamba mvua itanyesha lini, bali aulize pia kwamba katika juma la nne, la tano na la sita usiku utakuwa na joto gani. Katika kaskazini ya Uganda miezi yenye joto kali zaidi ni Januari, Februari na Machi, na yenye nafuu ni Julai na Agosti. Sisi, kwa kuwa tulikuwa na pampu, tulijiona tumeishinda kalenda. Tulipanda Desemba, na kila tumba la shamba lile liliundwa katika majuma mabaya kuliko yote ya mwaka. Maji yalizuia kiu, lakini usiku ulibaki ule ule.

Baada ya tarehe huja mahali. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kuisoma ardhi kabla ya kuweka kikosi, lakini sikuwahi kumwona afisa akiisoma ardhi kabla ya kuweka bustani. Shamba lililo kando ya ukuta wa mawe au ubavuni mwa uwanja mkubwa wa saruji hupokea usiku joto ambalo vitu hivyo vililiweka mchana. Shamba lililo juu kidogo ya kilima, lipatalo upepo wa jioni, lina nafuu. Kupanda kati ya mistari ya mahindi au chini ya migomba iliyoachana, kama wafanyavyo mama zetu vijijini, huleta kivuli chepesi ambacho hupunguza ukali wa mchana na kupoza udongo. Kivuli kikiwa kizito nacho huzuia mazao. Matandazo nimekwisha kuyataja.

Na iko nchi ambayo ndani yake haifai kushindana na majira hata kidogo. Wale majirani waliotutazama tukipanda bila ya kusema neno walikuwa na mazao yao. Wao hulima kunde, ambazo asili yake ni hapa hapa Afrika, na mbaazi, ambazo Waacholi huziita lapena, na choroko. Mazao hayo huvumilia joto ambalo huangusha ua la haragwe. Baadaye nilimwuliza mzee mmoja wa kijiji kwa nini hawakutuonya. Alinijibu kwa upole kwamba walidhani jeshi lina mbegu yake.

Karatasi ya mashtaka niliichana. Haikutosha, kwa kuwa kambi nzima ilikuwa imekwisha kumsikia koplo akiitwa mzembe na mwizi, kwa hiyo nilimwomba radhi mbele ya platuni wakati wa ukaguzi wa asubuhi, na nikamweleza kila mtu habari ya kipimajoto. Lilikuwa jambo gumu kwa luteni mwenye miezi minane ya utumishi. Koplo alipiga saluti, akasema, "Afande, kwetu hata Februari tunalala na mablanketi mawili. Sikujua kwamba maharagwe nayo yanaitaka ile baridi."

Mwaka ule ule, katika juma la pili la Julai, alipanda tena. Safari hii eka ilikuwa moja, mbegu ilikuwa ya punje ndogo iliyopatikana kwa njia ya yule bwana shamba, na udongo ulifunikwa kwa nyasi. Usiku wa Agosti kipimajoto kilisoma 20, mara nyingine 19, mara chache 21. Maua mengine yalianguka, maana mharagwe hauzai kila ua lake hata katika nchi nzuri, lakini maganda yalitunga na kujaa. Hayakuwa mavuno ya Kabale. Yalitosha kuilisha mesi kwa majuma kadhaa, na gunia moja likawekwa kuwa mbegu. Eka ya pili, ile iliyo karibu na pampu, ilipandwa kunde, na mpaka nilipohamishwa kutoka kambi ile hapana tena aliyepanda maharagwe huko mwezi wa Desemba. Kipimajoto cha mganga hakikurudishwa. Kilibaki kimetundikwa pale pale kwenye kigogo, na askari wa zamu ya alfajiri ndiye aliyekuwa akikisoma kabla ya kukabidhi lindo.